Baiskeli Haikuwa na Kosa

Nyie mnaovaa saa zinazohesabu moyo, hebu kaeni chini kidogo. Mimi sikuvaa saa mpaka nilipooa, na hata nilipoivaa ilikuwa ya kuonekana tu. Shule niliachia darasa la nne, na mwalimu hakulia. Lakini moyo wangu umehesabiwa mara nyingi kuliko wa msomi yeyote hapa Tabora, na waliouhesabu walikuwa wanywa kahawa. Ulipiga polepole, ukanipa sifa kwa miaka arobaini, halafu ukataka kuniua kwa sifa hizo hizo.

Jina langu Maganga. Kazi yangu ilikuwa kubeba asali kwa baiskeli, kutoka misitu ya Ulyankulu hadi Tabora mjini. Sikuajiriwa na mtu. Baiskeli ya kwanza niliipata kwa kulima tumbaku ya watu misimu miwili, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniamuru niamke saa ngapi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alitembea na mzigo begani kutoka huku mpaka pwani, akarudi na kaniki na hadithi. Sisi Wanyamwezi kubeba ni asili yetu. Wengine wanaona aibu kuyasema hayo. Mimi naona aibu kwa mtu asiyeweza kubeba kitu.

Sasa mtaniambia siku hizi kuna pikipiki, kuna malori, asali inafika mjini kabla nyuki hawajajua imeondoka. Sawa. Lakini mwekeni mwenye pikipiki kwenye mchanga na madumu manne, mawili kila upande wa keria, muone atakavyocheza ngoma asiyoijua. Dumu la asali si dumu la maji. Lina uzito wa peke yake, uzito wa kimyakimya. Unalifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, unavuta mpaka mpira unakuwa mwembamba na ukiupiga kwa kidole unalia. Fundo unaliacha mbele, mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa, maana mzigo ukianza kulegea hauna muda wa kukusubiri ushuke.

Na jambo kubwa kuliko yote: usibebe dumu la nusu. Lililojaa linatulia kama mtu aliyeshiba. La nusu linakwenda huku na huku ndani kwa ndani, ukikata kona lenyewe linakata kona yake, na kabla hujajua mko wote wawili kwenye mtaro. Nimewahi kumwambia mteja mmoja, Mwarabu wa pale mjini ambaye ukoo wake umefanya biashara Tabora tangu kabla ya reli: "Bwana, ama nikuletee dumu zima ama nisikuletee kabisa." Akacheka, akasema, "Maganga, ungekuwa na shule ungekuwa waziri." Nikamwambia ningekuwa na shule ningekuwa nabeba karatasi.

Kumbukeni hilo la dumu la nusu. Nililifundisha kwa kila mtu, nikalivunja mimi mwenyewe, na sikulivunja kwa asali.

Ilikuwa hivi. Nikiwa kijana, cheni ilinikamata kidole nikakimbilia zahanati moja huko huko Ulyankulu. Mganga alipomaliza kunishona akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akatazama tena.

"Arobaini na nane," akasema. "Kijana, unafanya kazi gani?"

"Nabeba asali kwa baiskeli."

"Kila wiki?"

"Mara mbili kwa wiki, mvua ikikubali."

"Ndiyo maana. Watu wengi wakiwa wamekaa moyo unapiga sitini mpaka mia kwa dakika. Wako una nguvu, kila pigo linasukuma damu nyingi, kwa hiyo hauna haraka. Huu ni moyo wa mkimbiaji."

Aliendelea kuzungumza. Alisema moyo wa polepole si ugonjwa mradi mwenyewe yuko sawa. Kwamba siku nikianza kupata kizunguzungu, au kuzimia, au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, au kifua kuuma, nisijisifie, niende kupimwa. Yote aliyasema. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni na bandeji yangu, nimebeba "moyo wa mkimbiaji" kichwani kama taji. Nusu ya kwanza ya maneno yake niliifikisha Tabora. Nusu ya pili niliiacha Ulyankulu. Mimi, nisiyebeba dumu la nusu.

Pale kwenye kijiwe chetu cha kahawa, karibu na soko, habari ikawa mchezo. Mwenzangu wa njiani alikuwa Hamisi, Mnyamwezi wa hapa hapa mjini, hodari wa kufunga mzigo kwa sababu nilimfundisha mimi. Hamisi alikuwa na saa yenye mshale wa sekunde na alikuwa amemaliza darasa la saba, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mhesabu. Tukishakaa, anaweka vidole viwili kwenye kifundo changu, chini ya kidole gumba. Vidole viwili, si kidole gumba, maana gumba nalo lina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe ukidhani unamhesabu mwenzio. Anahesabu dakika nzima. Kisha anajihesabu yeye. Mwenye namba kubwa ananunua kahawa.

"Maganga hamsini," anatangaza. "Hamisi sabini na sita."

"Moyo wa kuku!" nasema mimi.

"Kuku anataga," anajibu Hamisi. "Wewe umetaga nini?"

Lakini kahawa ananunua yeye. Miaka arobaini, vijana wangu. Sijanunua kahawa pale hata siku moja, na kashata nilikula juu yake.

Kazi niliiacha nilipopita miaka sitini na tano. Sikuchoka. Barabara ndiyo iliyochoka kuniona. Nikabaki na baiskeli yangu ya chuma ya kwendea msikitini na sokoni. Halafu mwaka juzi baiskeli ikaanza kuwa nzito.

Ndivyo nilivyosema: baiskeli imekuwa nzito. Kutoka nyumbani hadi sokoni hakuna hata mwinuko wa kumsumbua mbuzi, lakini nafika nikiwa nahema. Nikasema gololi zimekwisha. Nikaifungua habu ya nyuma, nikaweka gololi mpya na grisi. Bado nzito. Nikasema ni cheni, nikabadilisha cheni. Bado. Nikanunua tairi mpya ya mbele, tairi nzuri kabisa. Baiskeli ikawa inang'aa kama bibi harusi na mimi nikawa naisukuma kwa miguu. Mke wangu, Bi Tatu, alikuwa akinitazama kutoka jikoni.

"Mume wangu, hiyo baiskeli na wewe, nani mzee?"

"Baiskeli."

"Mbona yenyewe haijalala mchana tangu Ramadhani?"

Ni kweli nilikuwa nalala mchana. Na nikisimama haraka baada ya kusali, dunia ilikuwa inazima kidogo, kama taa umeme ukisitasita, halafu inawaka. Nilikuwa nashika ukuta nikijifanya naukagua. Kijiweni Hamisi alihesabu arobaini, wiki nyingine thelathini na nane. Nikashangilia. Kadiri nilivyokuwa nakufa ndivyo nilivyokuwa nashinda.

Watoto wangu waliona. Lakini watoto wangu nimewalea kwa heshima, na heshima ina hasara yake. Kijana wangu mkubwa alisema, "Baba, samahani, kama hutajali, labda ungeonwa na daktari." Nikasema sijali, na sikwenda. Mtu mwenye kiburi hatikiswi na "samahani, kama hutajali." Anahitaji mtani.

Mtani wangu alipatikana kwa hila ya Bi Tatu. Aliniambia yeye ndiye anayetaka kupimwa presha, nimsindikize. Tukafika kwenye kituo cha afya, nesi akatoka: mwanamke mnene kiasi, sauti ya kuuza samaki, jina lake Mwantumu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kisarawe. Mzaramo."

"Aa! Mtani!" nikasema. "Na huku Tabora nani amekuleta? Nazi zimekwisha kuanguka zenyewe?"

Wenzangu wa makabila mengine labda hamjui: sisi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, babu zetu walipokuwa wakifika kwao na mizigo wamechoka. Mtani anaruhusiwa kukutukana, na hukasiriki. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja kuvuruga msiba, anaweza hata kulala kwenye kaburi lako akazuia usizikwe mpaka apewe chake.

"Nimekuja kuangalia kama mmeshajifunza kubeba mizigo yenu wenyewe," akajibu. "Shikamoo nimeshakupa, sasa kaa hapo. Mama kaniambia mgonjwa ni wewe."

Nikamtazama Bi Tatu. Bi Tatu akawa anasoma bango la chanjo, na najua kabisa hakuja na miwani.

Mwantumu akanishika mkono. Nikatabasamu, nikasubiri sifa. Akahesabu dakika nzima, akahesabu tena.

"Thelathini na sita."

"Moyo wa mkimbiaji," nikasema.

"Mkimbiaji gani? Unakimbilia wapi? Inuka, tembea mpaka kwenye lile geti urudi, haraka."

Nikaenda, nikarudi nimeshika kiuno. Akahesabu. Thelathini na sita ile ile.

"Sikiliza, mtani. Moyo wa mkimbiaji ukipewa kazi unaongeza mwendo. Wako umepewa kazi umekaa pale pale, kama karani wa serikali. Huo si moyo wenye nguvu, huo ni moyo usiopata taarifa. Unapata kizunguzungu?"

"Kidogo."

"Giza machoni?"

"Nikisimama."

"Pumzi?"

"Ni baiskeli. Gololi..."

"Baiskeli nitaipima ikija. Unakunywa dawa gani?"

Nikamwambia asali na mizizi. Akaniuliza mara tatu kama sinywi vidonge vya presha, vyangu au vya kuazima kwa jirani, kwa sababu vipo vinavyopunguza mwendo wa moyo. Na mnaovinywa msije mkaviacha wenyewe kwa sababu ya Mzee Maganga. Mwambieni daktari, ndiye atakayepunguza au kubadilisha. Akasema wakati mwingine ni tezi ya shingoni, wakati mwingine chumvi za damu zimeharibika, na wakati mwingine ni uzee tu, nyaya za umeme wa moyo zimechakaa. Lakini haijulikani kwa kutazama uso. Lazima mashine.

Akaandika karatasi. "Nenda hospitali kubwa leo, wakupime umeme wa moyo. Usiende kwa baiskeli. Leo, mtani, si kesho. Mimi nikilala kwenye kaburi lako nitadai jogoo mkubwa mweupe, na nimeshamtazama mama, hana jogoo."

Nilicheka njia nzima. Karatasi nikaitia mfukoni. Unajua nilichosema? Nilisema nitakwenda Jumamosi. Binti yangu alikuwa anaposwa Ijumaa, na nilikuwa nimeahidi wageni asali ya mzinga wangu mwenyewe, ulio msituni kwenye shamba la Hamisi. Mbeba asali amkaribishe mkwe kwa asali ya dukani? Afadhali kufa. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu.

Siku ya pili asubuhi tukaenda, mimi na Hamisi, kila mtu na baiskeli yake. Kwenda nilikokota zaidi ya kupanda. Asali tukapata, dumu moja. Wakati wa kurudi, kwenye njia nyembamba ya msituni, nilikuwa namwambia Hamisi kwamba amefunga dumu vibaya. Sikumaliza. Taa ikazima.

Nilipofungua macho nilikuwa chali. Hamisi ameinua miguu yangu juu ya gogo na amenilegeza shati. Mdomo wangu ulikuwa na mchanga.

"Nipe asali kidogo," nikasema.

"Sikupi kitu. Mtu aliyezimia hatiwi kitu mdomoni."

"Nani kakwambia?"

"Mtu mwenye moyo wa kuku." Alikuwa ameshika kifundo changu, saa iko mbele ya pua yake, anahesabu upya. "Thelathini. Maganga, ni thelathini." Kwa mara ya kwanza sikusikia kama ushindi.

Akawa anatafuta simu mfukoni mwangu, yake haikuwa na mtandao. Yangu nayo haikuwa na mtandao, lakini akatoka na karatasi. Yeye ana darasa la saba, akaisoma. Akainuka, akaniangalia kutoka juu.

"Imeandikwa uende leo. Na tarehe ni ya jana."

Nikawa natema mchanga.

"Leo yako ina siku ngapi, Maganga?"

Nimetukanwa na matajiri, na wapiga debe, na mtani wangu Mzaramo. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile.

Hamisi alishusha dumu la asali, akalificha kwenye kichaka pamoja na baiskeli yake. Akaegemeza baiskeli yangu kwenye mti, ile yenye gololi mpya na cheni mpya na tairi nzuri, akanikalisha kwenye keria. Kisha akatoa mipira ya tyubu, akanifunga. Mimi. Kiuno na tandiko, mapaja na keria, akavuta mpaka mpira ukawa mwembamba, na fundo akaliweka mbele mahali mkono wake unafika. Nilivyomfundisha. Nyie msiige hilo. Mtu aliyezimia anatakiwa kulala, iteni gari, iteni watu. Sisi pale hatukuwa na gari wala watu, tulikuwa na baiskeli na mpumbavu mmoja.

Akaikokota. Mzee wa miaka sabini, anahema, anateleza kwenye mchanga, na kila baada ya hatua kumi anasema, "Maganga, upo?" Nikisema nipo anasonga mbele. Mara mbili sikujibu. Mara zile mbili, aliniambia baadaye, alinishusha chini, akaniinua miguu, akasoma Fatiha yote kwa haraka na kuhesabu pale pale, hajui lipi linasaidia. Na baiskeli, nataka niwaambie ukweli, ilikuwa nyepesi kabisa. Haikuwa na kosa lolote.

Barabarani tukapata pikapu iliyobeba magunia ya karanga. Hospitalini wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari. Daktari, kijana mdogo kama mjukuu wangu, akaniambia: moyo una chumba cha juu na cha chini, cha juu kinatoa amri, amri zinakatika njiani, cha chini kinajipigia chenyewe kinavyoweza. Dawa ya kunywa haitaunganisha waya huo. Inatakiwa betri.

"Na nisipowekewa?"

"Babu, ungeanguka barabarani mbele ya lori tusingekuwa na mazungumzo haya."

Wakanisafirisha Dar es Salaam kwa gari la wagonjwa, nesi pembeni, mashine inalia. Njia ile ile ya babu yangu. Yeye aliipita kwa miguu na mzigo begani. Mimi niliipita chali, nimefungwa mikanda, mzigo ni mimi. Huko pwani wakanichana kidogo chini ya mfupa wa bega la kushoto, niko macho, ganzi tu, wakaingiza kifaa kidogo kama kibiriti na waya wake mpaka kwenye moyo. Moyo ukijipigia vizuri, chenyewe kinakaa kimya. Ukichelewa, kinausukuma. Sitini kwa dakika, haushuki chini ya hapo.

Posa ilifanyika bila mimi. Wageni walikula asali ya dukani na hakuna aliyekufa.

Niliporudi, Mwantumu alikuja nyumbani kuangalia kidonda. Alipoingia uani akamwambia Bi Tatu, "Mama, mtani kaninyima jogoo wangu." Bi Tatu akamkamatia kuku jike. Mwantumu akampokea, akaona haitoshi, akaomba na dumu la asali. Hamisi akalifuata kule kichakani, lilikuwa bado limejaa.

Sasa nyie vijana. Mkiambiwa moyo wenu unapiga polepole, msikimbilie kulia wala kujisifu. Jiulize: uko sawa? Unafanya kazi zako bila kizunguzungu, bila kuchoka kusikoelezeka? Pengine ndivyo ulivyo, lakini mwambie mganga ajue. Ukianza kuhema kwa kazi uliyokuwa unaifanya ukipiga mluzi, au kichwa kinachanganyikiwa, nenda upimwe, na uache gololi za watu. Na ukizimia, au kifua kikiuma, au pumzi ikikata, hiyo si ya kungoja Jumamosi wala harusi wala mkwe. Na mkiwa na baba kama mimi nyumbani, acheni "samahani." Mtafuteni mtani wake.

Wiki iliyopita nilirudi kijiweni. Watu wakaniamkia, wakanisogezea benchi. Hamisi akatoa saa yake bila kuulizwa, akaweka vidole viwili kwenye kifundo changu.

"Sitini," akasema. Akajihesabu. "Sabini na nne."

"Moyo wa kuku," nikasema, lakini haikutoka vizuri.

Akarudisha vidole kwenye mkono wangu, akaviacha pale. Dakika ikapita. Mshale ukazunguka mara ya pili, na hakuwa anatazama saa.

"Umeshahesabu," nikamwambia. "Unatafuta nini tena?"

"Nimebeba madumu mengi, Maganga," akasema. "La nusu nimebeba moja tu, siku ile. Naangalia kama limejaa."

Nikamwita muuza kahawa. Nikanunua mimi.